Zilizofunguka Zilikuwa za Kwaresima Tu

Mama mkwe wangu alivunjika mguu wiki ileile kompyuta yake ilipojiboresha, na kati ya misiba hiyo miwili, ule wa mguu ndio uliokuwa na daktari. Aliteleza kwenye ngazi za kanisa, akafungwa plasta kutoka kwenye kifundo mpaka juu ya goti, akarudishwa nyumbani kwake Igogo, kule juu kwenye mawe, alale. Kompyuta haikuteleza popote. Ilimwandikia tu kwamba toleo jipya la mfumo endeshi liko tayari, akabonyeza ndiyo, ikajishughulisha kutwa nzima, na ilipomaliza, programu yake ya kuandikia nota za nyimbo ikawa inafunguka, inatulia kidogo, kisha inajifunga yenyewe bila kuaga.

Daktari wa huo msiba wa pili ni mimi. Natunza kompyuta za ofisi moja mjini Nyamagana, kwa hiyo kwa ukoo wa mke wangu mimi ni fundi wa kila kitu chenye waya. Nimeshaitwa kutazama friji. Nimeshaitwa kutazama pasi ya mkaa, ambayo haina waya hata mmoja. Na nasema bila aibu kwamba maboresho nayachukia. Ng'ombe anayetoa maziwa vizuri hakuna anayemwamsha asubuhi kumbadilisha miguu. Lakini hao wanaotutumia matoleo mapya huko waliko, nadhani hawajawahi kuwa na mama mkwe.

Wangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mwalimu wa kwaya ambaye hajastaafu na hana mpango huo. Anatunga nyimbo. Wiki ile alikuwa amemaliza wimbo mmoja kwa ajili ya dada yake mkubwa, mtawa, ambaye Jumamosi alikuwa anatimiza miaka hamsini ya nadhiri huko Nansio. Kwaya nzima ingepanda meli ya asubuhi kwenda Ukerewe kumwimbia. Mazoezi ya mwisho yalikuwa Alhamisi jioni, na bila nota zilizochapwa, sauti zote nne, wimbo usingeimbwa. Mwalimu msaidizi, mzee mmoja anayependa spika kubwa kuliko anavyopenda muziki, alikuwa ameshaandaa wimbo wake mbadala.

«Nimeusikia huo wimbo wake,» mama aliniambia kwenye simu. «Ni wa kuzikia. Watamwimbia dada yangu kana kwamba yuko kwenye jeneza. Mimi nataka acheke.»

«Acheke kanisani, mama?»

«Tangu aingie utawani sijamsikia akicheka. Anatabasamu. Nikienda kumtembelea tunaongea habari za watakatifu na dawa za presha. Utotoni, baba, yule alikuwa akicheka mpaka anakaa chini kwenye shamba la pamba. Nataka acheke kabla hatujafa, basi.»

Wimbo gani wa kanisa wa kumchekesha sista mzee, sikuelewa, na nilipouliza akanijibu kwamba hilo halinihusu, langu ni kompyuta.

Nilianza kwa simu nikiwa ofisini. Zima, washa. Ondoa programu, iweke upya. Hakuna kitu. Nikamwomba atume wimbo niufungue kwenye yangu, ila programu ile ilinunuliwa na parokia kwa ajili ya kompyuta ile peke yake, na mimi sina. Alhamisi asubuhi nikaomba ruhusa kwa bosi, nikasema mkwe anaumwa, jambo ambalo halikuwa uongo, nikapanda bodaboda mpaka pale inapokoma njia ya pikipiki, nikamalizia kwa miguu kati ya majabali.

Sasa niseme tatizo lenyewe. Mimi ni Msukuma, naye ni Msukuma, na mimi nimelelewa kumheshimu mama mkwe kwa umbali. Sipeani naye mkono. Siketi naye kochi moja. Tukikutana kwenye njia nyembamba, napisha mimi, hata kama upande wangu ni mtaro. Na chumba chake cha kulala, hata kikiwaka moto nitasimama nje nikipiga kelele majirani waje wamtoe. Najua vijana wa mjini siku hizi wanakumbatia mama wakwe zao kwenye sendofu na kupiga nao picha wakiwa wamebana mashavu. Mungu awasaidie. Kompyuta ilikuwa chumbani, kwenye meza iliyosogezwa kando ya kitanda, na mama alikuwa kitandani na plasta yake.

Kuitoa alikataa. Mara ya mwisho fundi alipoitoa nyumbani, ilirudi bila nyimbo zote za Pasaka. Mke wangu, ambaye angeweza kuingia, alikuwa kazini mpaka jioni, na jioni ndiyo yenyewe mazoezi. Kwa hiyo nikaweka kiti sebuleni, mgongo kwenye pazia la mlango wa chumba, na mlango wa mbele nikauacha wazi kabisa ili kila anayepita aone kwamba mkwe amekaa mahali pake. Nyumba ile haina dari, na ukuta wa chumba hauendi mpaka kwenye bati, kwa hiyo sauti ilipita juu vizuri tu.

«Shikamoo mama.»

«Marahaba baba. Umekuja na vifaa?»

«Nimekuja na masikio.»

Tukaanza. Mtu ambaye hajawahi kutengeneza kompyuta kwa kusimuliwa hajui mateso. Nilimwambia afungue programu, akafungua. Nikamwambia afungue wimbo.

«Imejifunga.»

«Kuna ujumbe wowote, mama?»

«Upo. Unasema programu imeacha kufanya kazi.»

Najua imeacha kufanya kazi. Ndiyo sababu nimekaa nimeupa ukuta mgongo siku ya kazi nikiongea na bati. Hayo sikuyasema. Nilimwomba abonyeze kitufe cha kulia cha mausi, aende kwenye sifa za programu, aiambie ijifanye iko kwenye mfumo wa zamani. Hiyo ni dawa ya kwanza kwa programu zinazokataa toleo jipya, na mara nyingi inafanya kazi. Haikufanya. Nikashuku spika, maana programu za muziki zinapenda kugombana na sauti. Nikamwambia azime sauti yote. Ikajifunga kimyakimya.

«Labda ni maji,» akasema.

«Maji gani, mama?»

«Ya baraka. Jana niliinyunyizia.»

Nilifumba macho. «Mengi?»

«Kiasi cha mtoto wa ubatizo.»

Nikauliza kama kibodi imelowa, akasema ameifuta kwa kanga. Nikamshukuru Mungu kwa ajili ya kanga na nikamwomba anisamehe kwa niliyokuwa nayafikiria. Jirani mmoja akapita na ndoo ya dagaa kichwani, akasimama kwenye mlango uliokuwa wazi. «Habali za mgonjwa?» Nikamwambia mgonjwa anaendelea. Akanitazama nilivyokaa nimeukazia macho ukuta wa pili kama mtoto aliyeadhibiwa, akatazama pazia, akaelewa yote, akaendelea na safari yake akicheka.

Jua lilikuwa limeanza kuyachoma mawe. Niliuliza saa, kwa kuwa simu yangu ilikuwa kwenye chaji dirishani. Mama akasoma kwenye kompyuta, akasema saa nne na robo. Akaongeza kwamba tangu hilo boresho, kompyuta imekuwa na mambo mengi ya ajabu, hata hali ya hewa pembeni inadanganya: inaandika mvua na nyuzi kumi na saba. Nikajibu kwamba hali ya hewa za kwenye kompyuta zote ni za uongo, tuendelee. Jibu la kijinga hilo. Fundi mwenye akili angesimama hapohapo.

Niliishiwa. Nilikuwa nimetumia dawa zote ninazozijua, na ofisini watu hunitazama kama bingwa, wakati huku nilikuwa nashindwa na programu ya parokia. Nikaanza kukasirika, kwanza na kompyuta, kisha na mguu, kisha na mwalimu msaidizi ambaye muda huo alikuwa amepiga simu kuuliza kwa sauti ya huruma kama watumie tu ule wa kwake. Mama akamjibu asubiri, akakata. Nikasikia anajifuta pua. Mwanamke huyu alifundisha madarasa ya watoto zaidi ya sabini bila kutetemeka, na sasa alikuwa analia taratibu ili mkwe asisikie, na mkwe anasikia, na hawezi hata kuingia kumwambia pole usoni. Niliona uchungu kabisa.

«Mama,» nikasema, «jaribu nyimbo nyingine. Fungua wowote.»

Ilikuwa ni kumtafutia shughuli tu. Akafungua.

«Huu umefunguka.»

Nikakaa sawasawa. «Upi?»

«Wa Ijumaa Kuu. Na huu wa Jumatano ya Majivu nao umefunguka. Huu wa Noeli... umejifunga. Wa harusi, umejifunga. Wa mazishi umefunguka.»

Akaendelea kufungua na kutangaza, na kadiri alivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa. Kwaresima yote ilifunguka. Matanga yote yalifunguka. Kila wimbo wenye furaha, chali. Kompyuta ilikuwa imeokoka, tena wokovu ule mkali wa kukataza watu kucheka.

«Hata mashine inamtaka dada yangu alie,» mama akasema.

«Mama, hizo za huzuni zina tofauti gani na za furaha? Kwenye kuandika, siyo kwenye maneno.»

Akanijibu kama anayefundisha darasa la tatu. Za huzuni zinakwenda polepole, nota ni za pigo zima, pigo mbili, pigo nne. Za furaha zinaruka, kwa hiyo zina nusu pigo tele. Ule wa dada yake, alisema, karibu wote ni nusu pigo.

«Na nusu programu inaiandikaje?»

«Sifuri nukta tano.»

Hapo nikasimama. Nilizunguka sebule nzima, nikagonga meza ya kahawa, nikarudi kitini. Nikamwambia aachane na muziki, afungue kikokotoo cha kompyuta, agawe moja kwa mbili, anisomee jibu alama kwa alama.

«Sifuri. Mkato. Tano.»

«Nukta au mkato, mama?»

«Baba, nimefundisha Kiswahili na hesabu maisha yangu yote. Mkato nikiuona naujua. Una mkia.»

Zipo nchi ambazo watu wake huandika nusu kwa mkato badala ya nukta. Kompyuta ikiambiwa iko kwenye nchi ya namna hiyo, inatarajia mkato, na programu ya kizamani ikiletewa faili yenye nukta, haijui pa kuishika, inaanguka. Nota nzima hazina nukta, ndiyo maana Kwaresima ilipita salama. Nikamwelekeza mpaka kwenye mipangilio, kwenye sehemu ya nchi, nikamwomba anisomee kilichoandikwa.

«Brazili.»

Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia. Brazili.

«Mama, nani ameiweka kompyuta Brazili?»

Kitanda kikalia.

«Nchi iliijaza yenyewe siku ya kujiboresha. Iliuliza kama ni sahihi nikabonyeza ndiyo, nilikuwa nabonyeza ndiyo kila mahali ili imalize. Ila saa ni mimi. Zamani.»

«Saa imefanyaje?»

«Ilikuwa inakosea. Saa mbili asubuhi inaniambia ni nane. Saa nane watu wamekula mchana! Nikaenda pale kwenye orodha ya miji, nikawa nashuka mmoja mmoja natazama saa inavyobadilika, mpaka nikapata mji wenye akili. Ukiwa saa mbili unasema mbili. Jua likitaka kuchomoza unasema kumi na mbili. Hata tarehe inabadilika alfajiri, kama inavyotakiwa, siyo katikati ya usiku watu wamelala.»

Nilihesabu vidoleni. Kweli. Tofauti kati yetu na upande ule wa Brazili ni saa sita kamili, sawasawa na tofauti iliyopo kati ya saa ya ukutani na saa tunayoitamka. Huyu mama alikuwa ameizunguka dunia nzima kwa mausi akitafuta watu wanaosoma saa kama Wasukuma, na amewapata. Mimi nina cheti ukutani na sikuwahi kuliwaza jambo hilo. Asubuhi yote nilipomuuliza saa alinijibu sawa, na nisingeweza kugundua kitu, kwa sababu hapa kwetu hata anayeona kumi na robo kwenye skrini hutamka saa nne na robo. Kompyuta ilipojiboresha ikaangalia saa, ikasema basi huyu mama anaishi Brazili, ikampa mikato ya kule pamoja na mvua yao.

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Yeye hakucheka.

«Saa yangu usiiguse,» akasema.

«Siigusi, mama. Baki nayo. Tunarudisha nchi tu.»

Akashuka kwenye orodha ya nchi akizitaja kwa sauti, akanung'unika kwamba Tanzania wameiweka mbali, akaichagua. Zima, washa. Nikasikia mausi ikibofya.

«Umefunguka,» akasema. Halafu kwa sauti ya chini zaidi, ya mtu aliyemwona mgeni wake stendi: «Huu hapa wote.»

Akaupiga. Sauti za piano ya kompyuta ni za bati tupu, lakini zilipanda juu ya ukuta, soprano na alto na teno na besi, haraka haraka, zikikimbizana. Maneno aliyafuatisha kwa sauti ya chini, ni ya shukrani, ya zaburi, hakuna hata moja la kumchekesha mtu. Ila ule mdundo niliujua. Bibi yangu mzaa baba, huko Magu, alikuwa akiuimba akidhani watoto tumelala. Ni wimbo wa palizi ya pamba. Unamsuta jirani mvivu anayejificha nyuma ya kichuguu wenzake wakiwa wanapalilia, na unaeleza kwa kinaganaga anachokifanya huko nyuma, na pia harufu yake, na namna anavyotafuta majani. Ubeti wa tatu siwezi kuuandika hapa. Mama alikuwa amechukua uchafu wote huo, akauvalisha joho jeupe, ukaimbwe mbele ya mapadre.

Nikauma mdomo. Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba anaujua wimbo ule.

«Ni mzuri, mama,» nikasema. «Una... una shangwe.»

«Eeh,» akasema. «Una shangwe.»

Nota zikachapwa kwenye printa yake hapohapo chumbani, akazipenyeza chini ya pazia kwa fimbo yake ya kutembelea, nikazipeleka mazoezini mwenyewe. Mwalimu msaidizi alizipokea kama mtu anayepewa barua ya kuachishwa kazi.

Jumamosi mke wangu alipanda meli na wenzake, anaimba soprano, nami nikawekwa kwa mama ili mgonjwa asikae peke yake. Jirani alileta ugali na sato, akampa mama chumbani, akanipa mimi sebuleni, akaondoka. Tulikula kila mtu upande wake. Nilisikia mama anaweka simu, anaishika, anaiweka. Misa ilikuwa ya mchana, na ilipofika saa tisa bila simu alisema labda mtandao. Saa kumi akasema labda ameudhika. «Mtu akikaa utawani miaka hamsini,» akasema, «huwezi kujua kilichobaki.» Niliogopa, nasema kweli. Niliogopa kwamba ule ulikuwa mzaha wa watoto wawili, na mmoja alishakua.

Simu ikalia. Akaiweka sauti ya juu, hasikii vizuri sikio la kulia. Alikuwa mke wangu, nyuma yake kelele za watu na sahani.

«Mama, umefanya nini? Mama mkubwa kaketi mbele kabisa na taji lake la maua, tumeanza kuimba, mabega yakaanza kutikisika. Sista wa jirani akampa leso, akadhani analia. Ubeti wa pili akapasuka! Kacheka, mama, kacheka mpaka taji likaanguka, padre akasimama akamtazama. Tukaimba tu hivyohivyo. Huyu hapa anakutaka.»

Simu ikakwaruza. Kisha sauti ya kizee, ya kukatika pumzi, ikijaribu kuwa kali.

«Wewe mtoto mbaya.»

Nikasikia mama anajiinua kitandani.

«Wewe mtoto mbaya! Mbele ya watu wote wale!» Na halafu mtawa yule, kwa Kisukuma, polepole, akaanza kuuimba ule wenyewe, wa kwenye pamba, kwa maneno yake halisi. Hakuruka ubeti wa tatu. Mama akaingia naye katikati, kitanda kikawa kinalia, plasta ikawa inagonga ukuta kwa mapigo. Waliuimba mpaka mwisho, wakicheka na kukosea, wakagombana kidogo juu ya mstari mmoja, kisha muda wa maongezi ukaisha ikakatika.

Akaiweka simu kando.

«Baba, bado upo hapo?»

«Nipo, mama.»

«Hukusikia kitu.»

«Sikusikia kitu, mama.»

Akavuta pumzi. Nilijua analia, na safari hii hakujali nisikie.

«Nilidhani amesahau,» akasema. «Miaka yote hiyo, baba, nilidhani nimebaki nao peke yangu.»

Nilichukua kitambaa cha kochi, kile alichokifuma mwenyewe, nikafuta macho, kisha nikakirudisha mahali pake na kukinyoosha.